Je, Msitu Huleta Maji au Huyanywa?

Wazee wengi wa nchi za milimani hushika neno hili, kwamba msitu ukikatwa mto hukauka. Vijana wenye haja ya ardhi hujibu kwamba miti ndiyo inywayo maji mengi, wala shamba la mahindi halijapata kumaliza mto. Maneno haya mawili yanapingana, na ugomvi wake si wa barazani tu. Ndani yake mna riziki ya mwenye kulima juu mlimani, na riziki ya jirani yake atekaye maji huko bondeni. Katika miaka ya 1950 wataalamu waliazimia kulipima jambo hili badala ya kulibishania.

Kazi hiyo ilifanywa na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yalikuwa Muguga, karibu na Kikuyu. Kiongozi wa upimaji alikuwa Dakta Charles Pereira, mtaalamu wa udongo. Wakati ule mashamba ya chai yalikuwa yakipanuliwa kuingia katika msitu wa Mau upande wa Kericho, na watu walihofia mito itokayo huko kwenda Ziwa Victoria.

Palichaguliwa mabonde mawili yaliyo jirani. Bonde la Sambret lina ekari 1,700 hivi, na la Lagan ekari 1,300 hivi. Lagan liliachwa na msitu wake wote, na Sambret likawekwa tayari kukatwa kwa sehemu na kupandwa chai. Lakini hakuna aliyeinua shoka mara moja. Mabonde yote mawili yalipimwa kwanza yakiwa bado msitu, ili ijulikane jinsi yanavyofanana kabla ya kutofautishwa, na ukataji ukaanza mwaka 1959. Mtu aliyeuona mto baada tu ya miti kukatwa hawezi kujua kama umepungua kwa sababu ya shoka au kwa sababu ya mwaka wa mvua haba. Wengi wetu hutoa hukumu kwa namna hiyo.

Hesabu yenyewe ni kama ya mwenye duka. Hana budi kujua mali iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki ghalani. Mali iingiayo ni mvua, nayo ilipimwa kwa vyombo vilivyotandazwa bondeni kote, vingine vikiinuliwa mpaka kimo cha vilele vya miti. Mali itokayo ni maji ya mto. Haya yalipitishwa katika ukuta wa saruji wenye pengo lililokatwa kwa kipimo, na saa maalumu ikaandika kimo chake usiku na mchana. Ghala ni udongo. Humo vilifukiwa vipande vidogo vya jasi vyenye nyaya za umeme, vionyeshavyo unyevu uliomo chini. Kile kisichopatikana mtoni wala ghalani, hicho ndicho kilichorudi hewani kwa njia ya majani. Mabonde yalipaswa kuwa na mwamba usiovuja, maana duka lenye tundu nyuma halihesabiki.

Ghalani ndimo mlimopatikana jambo la kushangaza. Mizizi ya msitu ilikuwa ikivuta maji zaidi ya futi 10 chini ya ardhi, hata katika miezi ya kiangazi ambapo nyasi zimekwisha kunyauka. Tena, mvua inyeshapo juu ya miti, sehemu yake hunaswa na majani na kukauka huko huko bila kugusa ardhi. Basi wale wasemao kwamba msitu hunywa maji hawakusema uongo. Kwa jumla msitu hutumia maji mengi kuliko mimea mifupi. Chai changa, isiyofunika ardhi, iliyaacha maji mengi zaidi kuingia mtoni. Nayo chai iliyokomaa ilitumia maji pungufu kidogo tu kuliko msitu uliokuwapo.

Huko Kimakia, katika milima ya Aberdare, mianzi ilikatwa na mahali pake pakapandwa misonobari ya asili ya Mexico, kwa kuwa nchi ilihitaji mbao. Miaka ya kwanza wafanyakazi wa msitu walilima mboga katikati ya miche, na kijito kikaongezeka. Misonobari ilipokua na kugusana matawi, matumizi yake ya maji yakawa karibu sawa na ya mianzi. Mto haukuangamia, lakini ile ziada ya miaka ya mwanzo haikudumu.

Kipimo kilichowatatiza watu zaidi ni cha Mbeya, Tanganyika, kilichoanza mwaka 1958. Bonde moja lilikuwa msitu, na la pili lilikuwa mashamba ya wakulima kwenye mteremko mkali. Mto wa bonde lililolimwa ulitoa maji ya kiangazi yapata mara mbili ya yale ya bonde la msitu! Habari hii ingeweza kumfanya mtu akimbilie panga. Lakini udongo wa pale ulitokana na majivu ya volkeno, nao hunyonya maji kama sifongo hata ukilimwa. Dakta Pereira na wenzake walionya kwamba habari ya Mbeya isichukuliwe kuwa kanuni ya kila mlima.

Upande wa pili wa habari ulionekana Atumatak, katika nchi ya Karamoja, Uganda. Huko mifugo ilikuwa imekula nyasi hata ardhi ikabaki tupu na ngumu kama sakafu. Mvua ikishuka haikuingia ghalani. Ilikimbia juu juu ikibeba udongo, na baada ya saa chache korongo likawa kavu tena. Hapo ndipo wazee nao wanapopata haki yao. Msitu hauongezi maji ya mto, bali huilinda ardhi ibaki laini yenye kupokea, na hulitunza tope lisishuke. Penye udongo mwepesi kuziba, kukata msitu bila kinga huleta gharika wakati wa masika na ukame wakati wa kiangazi. Katika Sambret wenye chai walipanda mistari yao kwa kufuata usawa wa mlima, na kuchimba mitaro iliyooteshwa nyasi. Hata hivyo, wakati ardhi ilipokuwa wazi, maji ya mvua kubwa yalishuka kwa nguvu kuliko yale ya Lagan.

Swali hili lilirudi Kenya mwaka 2009, Waziri wa Mazingira John Michuki alipoamuru mikaratusi ing'olewe kando ya mito na chemchemi. Wakulima wengi walinung'unika, kwa kuwa mkaratusi hukua upesi na nguzo zake huwapatia karo ya watoto. Mti ukuao upesi hauna budi kunywa upesi, na ukipandwa kinamasini mizizi yake hukaa majini mwaka mzima. Ukipandwa juu, mbali na maji, kiangazi hubakiwa na unyevu ule tu uliowekwa na mvua katika udongo wake, na ukuaji wake hupungua mpaka mvua zirudi.