Clémentine: Jina na Tunda

Kuna wasichana waitwao Clémentine. Shuleni wenzao huwacheka mara nyingine: «Wewe ni chenza, tutakumenya!» Wacheshi hao wamepotea njia. Jina halikutoka katika tunda, wala tunda halikutoka kwa msichana.

Shina la yote mawili ni neno la Kilatini, clemens. Maana yake ni mpole, asiyekasirika upesi, mwenye huruma kwa mkosaji. Waroma waliita hivyo hata bahari iliyotulia. Kisha likawa jina la mtu. Wafaransa husema Clément kwa mwanamume na Clémentine kwa mwanamke. Mtakatifu Clemens alikuwa askofu wa Roma mwishoni mwa karne ya kwanza. Wakristo wa Korinto walipogombana na kuwaondoa wakubwa wao wa Kanisa, aliwapelekea barua ndefu ili wapatane. Sikukuu yake ni tarehe 23 Novemba.

Na tunda je? Huko Algeria, karibu na mji wa Oran, palikuwa na nyumba ya yatima mahali paitwapo Misserghin. Bustani yake ilitunzwa na mtawa Mfaransa. Wazazi wake walimpa jina la Vital Rodier. Katika utawa akaitwa Frère Marie-Clément. Katika bustani hiyo mti mmoja ulizaa matunda mekundu kuliko machenza mengine, tena matamu, na yaliiva mapema. Mwaka 1902 Bwana Louis Trabut, mtaalamu wa mimea, aliandika habari za mti huo, na tunda likaitwa clémentine kwa heshima ya Frère. Kama angalibaki na jina la Vital, labda lingaliitwa vitaline!

Trabut alidhani kwamba ni mtoto wa mchenza na mdanzi, yaani mchungwa mchungu. Siku hizi wataalamu wamehakikisha: mama ni mchenza, lakini baba ni mchungwa mtamu. Tena, ukipanda mbegu yake hupati mti ulio sawasawa na mzazi. Sharti kukata kijicho chake na kukipandikiza katika shina la mti mwingine wa jamii hiyo. Frère Clément alikufa mwaka 1904. Mti wake umekwisha kufika nchi nyingi, kijicho kwa kijicho, toka mkono hata mkono.

Maulizo. Clemens maana yake nini? Tunda liliitwa kwa jina la nani? Mtu akimwambia Clémentine kwamba ni chenza, amjibu nini?