Mtoto wa Kikundi Akiwa Chuoni: Atajuaje Njia Yake?



Somo la mwezi huu limetokana na ugomvi. Kuna kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea ambacho kinamlipia karo msichana wa kijiji chao tangu alipoingia chuo kikuu. Pesa zenyewe ni za maziwa na mayai, na kila mama anajua ametoa ngapi. Majuzi msichana alikuja likizo, akasimama mbele ya mkutano kuwasalimu. Mama mmoja akamwuliza, "Sasa mwanangu, ukimaliza utakuwa nani?" Msichana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, bado sijajua." Anasoma historia na siasa.

Basi mkutano ukachafuka. Wengine wakasema afadhali wangenunua ng'ombe. Mweka hazina akataka karo ya muhula ujao isimamishwe mpaka binti aseme masomo yake ni ya kazi gani. Sisi tulikuwa tumeketi pale pale. Tulipoulizwa maoni yetu tuliomba tupewe muda. Jibu letu ndilo hili, na tunawaandikia nyote kwa sababu tunajua kikundi hicho hakiko peke yake. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkifika mahali pa kubishana, simameni mbishane kwanza.

Tutatumia habari za mwanafunzi mmoja wa Marekani. Mnalijua jina lake: Hillary Clinton, ambaye alikuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake kuanzia 2009 hadi 2013, na ambaye Agosti 2009 alifika Nairobi akazungumza na watu katika chuo kikuu. Wako wanaompenda na wako wasiotaka hata kumsikia, lakini hayo tuyaache. Tunataka kumtazama alipokuwa kijana wa miaka 17 hadi 22, akiitwa Hillary Rodham, wakati yeye mwenyewe hakujua anakwenda wapi. Mengi ya haya ameyasimulia katika kitabu cha maisha yake.

Alizaliwa Chicago mwaka 1947. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mapazia, mtu mkali, na chama chake kilikuwa Republican. Binti akafuata chama cha baba, kama wengi wetu tulivyofuata vya baba zetu bila kuuliza. Mwaka 1964, akiwa shule ya sekondari, alimpigia kampeni Barry Goldwater wa Republican aliyeshindana na Rais Lyndon Johnson. Shuleni kukapangwa mdahalo wa wagombea hao wawili. Mwalimu wake akafanya jambo la ajabu: akamwambia Hillary amtetee Johnson, na rafiki yake aliyempenda Johnson amtetee Goldwater. Wote wawili wakalalamika. Lakini ilimbidi aende maktaba, akasome hoja za upande wa pili kuhusu haki za watu weusi, matibabu na umaskini. Goldwater alishindwa vibaya sana. Alipata majimbo 6 tu kati ya 50. Binti hakubadilika siku ile, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa kidogo.

Mwaka 1965 akaingia chuo cha wasichana cha Wellesley, karibu na Boston. Hapa tusimame kidogo, kwa sababu masomo ya vyuo vya namna hii si kama ya kwetu. Kwetu, mtoto akimaliza sekondari anaitwa kwa kozi moja: uhasibu, ualimu, uuguzi. Katika vyuo hivi mwanafunzi huanza kwa kuonja mengi. Anasoma historia, lugha, falsafa, hesabu, sayansi kidogo, ndipo baadaye achague somo moja la kuzamia. Lengo ni kumfundisha kusoma kwa makini, kuandika wazi, kupima hoja na kusema mbele ya watu. Kazi atajifunza akifika kazini.

Na kuonja huko kuna uchungu wake. Hesabu na jiolojia zilimlemea, akaachana kabisa na wazo la kuwa daktari au mwanasayansi. Mwalimu wa Kifaransa alimwambia kwa upole kwamba kipawa chake kiko kwingine. Mwezi mmoja baada ya kuingia alipiga simu nyumbani, akasema hana akili za kutosha kwa chuo kile. Baba akamwambia rudi nyumbani. Mama akasema hapana, hataki mtoto anayekata tamaa. Sisi tunaona mama yule alisaidia sana, na hakutoa hata senti katika simu ile. Hillary akabaki, akachagua sayansi ya siasa.

Alipoingia chuoni alikuwa mwenyekiti wa vijana wa Republican pale. Lakini vita vya Vietnam na mambo ya haki za watu weusi vikamsumbua, mpaka akakiacha kiti hicho. Mwanzoni mwa 1968 alikuwa akisafiri siku za Jumamosi na Jumapili kwenda New Hampshire kumsaidia Seneta Eugene McCarthy wa chama kile kingine, ambaye alipinga vita. Aprili mwaka huo Martin Luther King akauawa. Msichana akawa katikati ya njia panda, na kila upande unamvuta.

Chuo kilikuwa na mpango wa kuwapeleka wanafunzi Washington kwa wiki 9 za likizo, wafanye kazi katika ofisi za serikali na bunge. Ni ile wanafunzi wetu wanaiita atachimenti. Profesa Alan Schechter ndiye aliyempangia mahali. Alimpeleka wapi? Kwa wabunge wa Republican, chama kile kile alichokuwa anakitoka! Alipinga, haikusaidia. Mwalimu aliona kwamba mtu hawezi kukichagua wala kukiacha chama kabla hajakaa ndani yake akakiona kinavyofanya kazi. Kwa hiyo akapokea simu, akapeleka ujumbe, akaandika karatasi za utafiti, chini ya viongozi kama Gerald Ford, ambaye mwaka 1974 alikuja kuwa rais. Alipigwa picha pamoja na viongozi hao, na baba yake akaining'iniza ukutani katika chumba chake cha kulala. Ilikuwa bado ipo pale alipofariki mwaka 1993. Mbunge mmoja akamchukua mpaka Miami, kwenye mkutano mkuu wa chama, kumfanyia kazi Gavana Nelson Rockefeller. Rockefeller akashindwa na Richard Nixon. Hillary akaondoka pale akijua kwamba chama kile si chake tena, na akijua sababu zake.

Mwaka wake wa mwisho alitakiwa kuandika insha kubwa. Hapa sasa, wanavikundi, ni penu. Aliandika kurasa 92 juu ya Saul Alinsky wa Chicago, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha wanyonge wa mtaa mmoja ili wasemee shida zao kwa sauti moja. Mwaka 1939, pamoja na Joseph Meegan, Alinsky alianzisha baraza la mtaa wa Back of the Yards, nyuma ya machinjio makubwa ya Chicago. Wakazi walikuwa Wapolandi, Walithuania, Waayalandi na wengine, wengi wao Wakatoliki, lakini kila taifa na parokia yake na hawakupatana. Askofu Bernard Sheil aliwaunga mkono, wakakaa meza moja na chama cha wafanyakazi wa machinjio. Kumbe binti wa chuo anaweza kutumia miezi mingi akichunguza kikundi kama chenu!

Alinsky alimwambia njoo tufanye kazi. Hillary akakataa. Alinsky aliamini mabadiliko hutoka nje ya serikali, kwa wananchi kuisukuma. Binti aliona mtu anaweza pia kuingia ndani. Akaenda kusomea sheria Yale. Nani alikuwa na haki kati yao? Sisi tumefanya kazi na vikundi miaka mingi, na tunaegemea kidogo upande wa mzee. Lakini tazameni kwamba sasa alikuwa na sababu za kuchagua. Mwaka 1970 alimsikia mwanasheria Marian Wright Edelman, akamwomba kazi ya likizo. Akaambiwa kazi ipo ila pesa za kumlipa hazipo. Akatafuta msaada mahali pengine, akaenda, akawekwa kuchunguza afya na elimu ya watoto wa vibarua wanaohamahama mashambani. Mambo ya watoto yakawa kazi yake kwa miaka mingi baadaye.

Turudi kwa msichana wetu. Ile "bado sijajua" yake iliwaudhi akina mama. Sisi hatukuiona mbaya. Jambo lililotuhangaisha ni lingine: yuko mwaka wa pili, na hakuna mtu aliyemweka mahali pa kuona. Anasoma siasa katika daftari tu. Tangu 2013 tuna kaunti 47 na wadi 1,450, na kila wadi ina mwakilishi wake katika bunge la kaunti. Bajeti inaletwa kwa wananchi watoe maoni, na mnajua ni wangapi wanaofika. Likizo ijayo binti anaweza kukaa ofisi ya wadi, hata kama ni kwa kiongozi ambaye kikundi hakikumpigia kura. Anaweza kuwasomea bajeti hiyo kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, akaandika kumbukumbu za mkutano, akabishana na mweka hazina. Barua ya kumwombea nafasi, kikundi chenyewe kinaweza kuandika na kupiga muhuri.

Mkimaliza kusoma, jadilianeni haya. Mtoto mnayemlipia karo, mara ya mwisho mlimwuliza nini isipokuwa matokeo ya mtihani? Kuna mtu gani katika wadi yenu, wa upande wowote, anayeweza kumpokea kwa wiki chache? Na je, akirudi akasema mambo msiyoyapenda juu ya kiongozi mnayempenda, au juu ya kikundi chenyewe, mtaendelea kumlipia?

Akina mama wale wanakutana tena Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao. Tumeahidi kwenda na somo hili mkononi, na mweka hazina ametuambia tayari kwamba ana maswali yake.