Injini Inayowaka Kisha Ikazimika

Katika Igogwe, wilaya ya Rungwe, iko hospitali ya misheni. Mgonjwa akifika hospitali hapewi dawa papo hapo. Kwanza huulizwa: Ugonjwa ulianza lini? Unaumwa wapi? Maumivu huja usiku au mchana? Kisha hupimwa, na akiisha kupimwa ndipo hupata dawa. Mganga atoaye dawa bila kuuliza huenda akamtibu tumbo mtu mwenye maradhi ya kifua.

Injini ya gari nayo huugua, nayo hutaka kuulizwa. Haina kinywa, lakini hujibu kwa sauti yake, kwa moshi wake, na hata kwa kufa kwake. Somo hili laeleza ugonjwa mmoja unaowasumbua sana wenye malori ya zamani: injini huwaka vizuri, hunguruma kitambo kidogo, kisha huzimika.

CHAKULA CHA INJINI

Injini ya petroli huishi kwa vitu vitatu: mafuta, hewa na moto. Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto aliunda injini iliyofanya kazi kwa mapigo manne, na injini za petroli za malori zafuata njia ile ile. Katika pigo la kwanza, pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Katika pigo la pili, hupanda na kuukandamiza mchanganyiko huo. Ndipo plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Hilo ndilo pigo la tatu. Katika pigo la nne, pistoni hupanda tena na kuutoa moshi nje.

Petroli ina safari yake. Hutoka katika tangi, hupita katika bomba jembamba, huvutwa na pampu, huchujwa, kisha huingia katika kabureta. Ndani ya kabureta mna bakuli dogo lenye boya. Bakuli likijaa, boya huelea na kuufunga mlango wa petroli. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Bakuli hilo ni kama mtungi wa maji nyumbani. Hata kisima kikiziba, watu wa nyumba huendelea kunywa kitambo, mpaka mtungi ukauke.

Cheche nayo ina safari yake. Umeme hutoka katika betri, hupita katika swichi, huingia katika koili na kuongezewa nguvu, kisha hugawanywa na distribyuta kwa kila plagi kwa zamu yake.

USHAHIDI WA KUWAKA

Injini isiyowaka kabisa yaweza kuwa na kasoro mahali popote. Lakini injini iliyowaka, hata kama ni kwa nusu dakika tu, imekwisha kutoa ushahidi mkubwa. Kwa nusu dakika ile ilikuwa na mafuta, ilikuwa na hewa, na ilikuwa na moto. Basi, fundi hana haja ya kuuliza, "Kwa nini haiwaki?" Aulize, "Katika vitu vile vitatu, ni kipi kilichoondoka, nacho kiliondoka wakati gani?"

Namna ya kufa hujibu swali hilo. Taa iliyopulizwa huzimika mara moja. Taa iliyoishiwa mafuta hufifia, huruka-ruka, kisha hufa. Injini ni vivyo hivyo. Ikikatikiwa umeme, hunyamaza ghafula. Ikikosa petroli, hupungukiwa nguvu, hukohoa, kisha hulala.

LORI LA VIAZI

Mwanafunzi na afikiri habari ya lori kuukuu la petroli lililolala Igogwe, mfano wa malori ya Bedford yaliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1931. Alfajiri limekwisha pakiwa magunia ya viazi ya kupelekwa soko la Mbeya, kwa njia ya Uyole. Usiku kucha mvua imenyesha, na baridi ya mlima Rungwe ni kali. Dereva akawasha injini. Ikawaka, ikanguruma, ikazimika. Akaiwasha mara ya pili na ya tatu. Ikawa hivyo hivyo.

Dereva akasema, "Pampu imekufa. Sina budi kuuza magunia mawili hapa hapa kwa bei ya hasara, nikanunue nyingine."

Utingo wake akasema, "Mimi naona ni betri."

Akaitwa fundi mzee. Dereva akamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lori lasema nini?"

"Limekataa kwenda, mzee. Nadhani pampu imekufa."

Fundi akasema, "Ninyi mwataka kuhukumu, na shahidi hajasikilizwa. Washa, tusikie."

Dereva akawasha. Fundi akatazama mkono wake kwenye ufunguo. Injini ikawaka, dereva akauachia ufunguo, injini ikaendelea kunguruma. Baada ya nusu dakika ikaanza kupungua nguvu, ikakohoa, ikafa.

Fundi akamwambia utingo, "Kijana, umeona? Ufunguo umeachiwa, na injini haikufa pale pale. Katika baadhi ya malori, wakati wa kuwasha, umeme huenda kwenye koili kwa njia ya mkato. Ufunguo ukiachiwa, hurudi katika njia nyingine yenye waya wa kuupunguza. Waya ule ukikatika, injini huwaka wakati wa kuwasha tu, na mara ufunguo unapoachiwa, huzimika. Hili letu si hivyo. Tena halikunyamaza ghafula, bali limekufa kama mtu aliyeishiwa pumzi. Nashuku petroli. Lakini kushuku si kujua."

Akatwaa kijiti kisafi, akapima tangi. Petroli ilikuwamo, ila ilikuwa chache. Akaliacha tangi bila kifuniko, akaagiza injini iwashwe tena. Alitaka kujua kama tundu dogo la kifuniko limeziba kwa tope au kwa udongo wa nyigu. Tundu lile likiziba, hewa haiingii mahali pa petroli inayotoka, na pampu hushindwa kuvuta. Lakini injini ikazimika kama kwanza. Basi kifuniko hakikuwa na hatia.

Kisha akavuta choki, yaani kile kibati kinachoipunguza hewa iingiayo katika kabureta ili petroli izidi. Injini ikaishi kitambo zaidi, nayo ikafa. Fundi akatabasamu, akasema, "Tumeipunguzia hewa, ikapata nafuu. Maana yake, njaa yake ni ya petroli. Sasa na tutafute kisima kimeziba wapi."

Akangoja injini ipoe. Akautoa waya wa koili na kuuweka mbali, ili pasiwe na cheche. Akawaamuru watu waliosimama karibu wazime sigara zao. Akafungua bomba mahali linapoingia kwenye kabureta, akatia ncha yake katika chupa. Utingo akazungusha injini kwa hendeli. Pampu nzima hutoa petroli kwa mipigo yenye nguvu, kama maziwa yakamuliwapo. Hapa yalitoka matone machache, kisha matone na mapovu.

Dereva akapaza sauti, "Nilisema ni pampu!"

Fundi akajibu, "Pampu haiwezi kutoa kisichoifikia. Mpishi asiyeletewa unga husongaje ugali?"

Chini ya pampu palikuwa na kikombe cha kioo chenye kichujio cha waya. Fundi akakifungua polepole, akakiinua kwenye mwanga. Juu ilikuwamo petroli. Chini yalikuwamo maji, na chini ya maji kutu nyekundu. Kichujio chote kilikuwa kimefunikwa na kutu. Petroli kidogo iliweza kupenya na kulijaza bakuli la kabureta. Lakini injini ilipowaka, ilikunywa upesi kuliko petroli ilivyoweza kupita. Mtungi ukakauka, injini ikafa.

Fundi akayamwaga maji yaliyokuwa chini ya tangi katika debe, mpaka ikatoka petroli safi. Akaosha kikombe na kichujio kwa petroli safi, akapuliza bomba kwa pampu ya tairi. Akautazama ukingo wa mpira wa kikombe, maana ukipasuka pampu huvuta hewa badala ya petroli. Ukingo ulikuwa mzima. Kisha akapima tena kwa chupa. Safari hii petroli ikaruka kwa nguvu. Ndipo akarudisha bomba mahali pake na kukaza kila kitu, akafuta petroli iliyomwagika, akaurudisha waya wa koili. Injini ikawaka, dakika zikapita, wala haikuzimika. Magunia yote yakaenda Mbeya, na pampu ya zamani ikabaki mahali pake.

MAJI YALITOKA WAPI?

Wilaya ya Rungwe ina mvua nyingi. Mahali pengine hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hewa yake ina unyevu. Tangi likilala nusu tupu, nafasi iliyobaki hujaa hewa hiyo. Usiku bati la tangi hupoa, na unyevu hugeuka matone kama umande wa majani. Matone hushuka chini ya petroli, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, na hapo hula bati na kufanya kutu. Kadhalika pipa la petroli lililosimamishwa nje huweka maji ya mvua juu ya mfuniko, nayo huweza kuvujia ndani. Basi yafaa kujaza tangi jioni, kulaza pipa chini ya paa, na kumwaga maji ya kikombe cha kichujio mara kwa mara.

INJINI ZA DIZELI

Malori mengi yapitayo Tukuyu siku hizi ni ya dizeli. Rudolf Diesel, Mjerumani, alifaulu kuijaribu injini yake mwaka 1897. Injini hiyo haina plagi za cheche. Hewa hukandamizwa mpaka inakuwa na joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa ndani na kuwaka yenyewe. Injini ya dizeli ikiwaka kisha ikazimika, fundi hutazama kwanza chujio la mafuta na viungo vya mabomba, kwa kuwa mara nyingi injini imevuta upepo. Katika malori ya zamani, hulegeza parafujo ndogo iliyo juu ya chujio, husukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na mafuta matupu yatoke, kisha huikaza. Lakini asiishie hapo; hana budi kutafuta mahali upepo ulipoingilia, ama sivyo utaingia tena.

MAMBO YA HATARI

Mvuke wa petroli hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na waweza kufika kwenye jiko lililo mbali na kurudi na moto. Petroli isifunguliwe karibu na moto wala ndani ya nyumba. Mtu asiivute kwa kinywa. Ikiingia katika mapafu yaweza kumwua. Injini isiwashwe katika banda lililofungwa, maana moshi wake una sumu isiyo na harufu. Mahali penye miteremko kama Rungwe, magurudumu yawekewe mawe kabla ya mtu kuingia chini ya lori. Tena petroli yenye maji isimwagwe mtoni, kwa kuwa wengine huteka maji huko chini.

Fundi yule hakuwa na chombo ambacho dereva hakuwa nacho. Alikuwa na kijiti, chupa na hendeli. Lakini aliuliza swali moja kwa wakati mmoja, akabadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila jibu likamwonyesha mahali pa kuuliza tena. Kama angalibadili pampu, koili na betri kwa pamoja, fedha zingalikwisha na kutu ingalibaki. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.

MASWALI

1. Taja vitu vitatu ambavyo injini ya petroli huishi kwavyo.
2. Injini iliyokosa umeme hufaje? Na iliyokosa petroli hufaje?
3. Kwa nini injini ile iliwaka nusu dakika, ijapokuwa kichujio kilikuwa kimeziba?
4. Choki ilipovutwa, injini ilipata nafuu. Fundi alijifunza nini kwa jambo hilo?
5. Kwa nini fundi aliutoa waya wa koili kabla ya kufungua bomba la petroli?
6. Tia maji kidogo na mafuta ya taa kidogo katika chupa ya kioo mbele ya mwalimu, mbali na moto. Kipi hukaa chini? Eleza jambo hilo lahusuje tangi la lori.