SOMO: TULISOME DUKA KABLA YA KULIJENGA



Vikundi vingi vya huku kwetu Magwagwa vinaweka akiba kwa shabaha moja: kununua ploti sokoni na kujenga duka la kukodisha. Ni shabaha nzuri. Lakini tukikaa kikaoni tunauliza habari za mabati na simiti tu. Somo hili litatusaidia kuuliza zaidi, na mwalimu wetu ni mtaa wa zamani wa Kisumu.

Tulikwenda huko kwa matatu, kupitia Chabera, Sondu na Ahero. Tulipofika barabara ya Oginga Odinga nikawaambia wenzangu, "Leo hatununui kitu, tunatazama nyumba." Mama mmoja akanijibu, "Mwalimu, yaani nimelipa nauli nije kuangalia kuta?" Tukacheka sana. Ngojeni muone.

1. Kwa nini duka liko hapo?

Jina Kisumu lenyewe linatokana na maneno ya Kijaluo ya kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Wazee wetu wa Kigusii nao waliijua biashara hiyo: walipeleka wimbi kwa Wajaluo, wakarudi na mifugo. Halafu Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ikafika ziwani. Mizigo ikashushwa hapo, ikapakiwa melini kwenda Uganda. Wafanyabiashara Wahindi wakafungua maduka pale pale watu na mizigo walipopita.

Funzo: duka hufuata njia ya watu. Ploti ya bei rahisi iliyojificha nyuma ya soko yaweza kuwa ghali kuliko zote.

2. Duka limejengwaje?

Tazama maduka ya zamani kwa mbele. Mengi yana veranda pana yenye nguzo. Mvua ikinyesha, mteja anajikinga hapo, na akijikinga anaona vitu vilivyo ndani. Jua halichomi bidhaa. Fundi wa cherehani anakaa hapo hapo: ukinunua kitambaa ndani, unashonewa nje. Nyuma au ghorofani ndipo familia ilipoishi, kwa hiyo hawakulipa nyumba mara mbili, na mlinzi wa usiku alikuwa mwenye duka mwenyewe.

Yule mama wa nauli ndiye aliyeipima veranda kwa hatua zake. Akasema, "Sisi letu tulilijenga bila hii, ndiyo sababu unga unalowa mlangoni."

Tuliona pia nyumba ambazo mifereji ya mabati imetoboka, maji yanatiririka ukutani na plasta inabanduka. Mfereji ni kitu kidogo, ukuta ni kitu kikubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. Limeandikwa nini?

Katika mtaa huo kuna mnara wa saa. Ulizinduliwa 1938 kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, aliyefika Afrika Mashariki 1871 na kufariki Kampala 1910. Maandishi yake yanamtaja anayekumbukwa, na wanawe wanne walioujenga, kila mmoja kwa jina. Imepita miaka zaidi ya themanini, na mpita njia bado anajua nani alitoa.

Sasa nawaambia jambo lililoniumiza. Miaka iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha akina mama. Waliuza mboga na kuchuma majani chai kwa vibarua mpaka wakajenga duka la vyumba viwili. Ploti iliandikwa kwa jina la mwenyekiti peke yake, kwa sababu "ni mtu wetu". Mwenyekiti alipofariki, jamaa zake walikuja na karatasi. Akina mama hawakuwa na karatasi. Walikuwa na jasho tu, na jasho halisomwi kortini. Nami nilikuwa nimekaa katika vikao vyao vingi bila kuuliza swali hilo. Ndiyo maana nauliza leo.

Funzo: kikundi kisajiliwe chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022. Halafu, kabla ya kulipa hata shilingi, ulizeni ofisi ya ardhi jinsi ya kuiandika ploti ili isiwe mali ya mtu mmoja. Majina ya wote waliochanga, na kiasi cha kila mmoja, yakae katika kitabu cha kumbukumbu kilichotiwa sahihi.

Kazi ya kikundi

Siku ya soko, nendeni wawili wawili mkatazame maduka matano ya zamani hapa kwetu. Muwaulize wazee kwa heshima, kisha mjibu kikaoni:

1. Nani alilijenga, na kwa nini mahali hapo?
2. Mvua ikinyesha, mteja anasimama wapi?
3. Nani hutengeneza paa, na fedha hutoka wapi?
4. Ploti ya kikundi chetu imeandikwa kwa jina la nani? Nani kati yetu ameiona karatasi kwa macho yake?

Kama hakuna aliyeiona, ahirisheni habari ya mabati. Anzeni na hiyo.