Mdogo Wangu, Karata Hazikuonei

Haya wapenzi, leo barua ya wiki imetoka Wete. Kijana anasema barzani kwao waliandaa mashindano ya wahedi wa sitini, watu kumi na sita, ukifungwa mara moja unatoka. Kikombe kikabebwa na jamaa ambaye, nanukuu barua, "hata kuchanga karata hajui." Sasa anauliza: "Dada, nimejifunza mchezo huu tangu mdogo. Kumbe ni bahati tu?"

Pole mdogo wangu. Bahati imo, na asiyekubali hilo basi akacheze bao. Kwenye bao kete zote 64 ziko wazi, hakuna aliyeficha kitu, ukifungwa umefungwa na akili ya mwenzako. Karata unagaiwa hujui nini kinakuja. Ukiletewa magarasa matupu, hata ungekuwa galacha wa Pemba nzima, utahangaika.

Lakini hebu tukae kwenye hesabu, maana hapo ndipo vijana wengi mnapopotelea. Ree ina pointi 11, seti 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Jumlisha kwa shupaza, kopa, uru na pao: 120. Ukifika 61 umeshinda. Mjuzi anazihesabu kimoyomoyo tangu karata ya kwanza. Anajua ree ipi imeshatoka, na turufu ngapi bado zimo mikononi mwa watu. Mwenye pupa anatanguliza ree ya pao wakati turufu hazijaisha, mpinzani anaipiga kwa kiturufu kidogo kisicho na thamani, na pointi 11 zimekwenda upande wa pili. Kisha anaguna, "Leo sina nyota." Nyota gani? Ree umeitoa mwenyewe!

Na mkicheza wanne, wawili kwa wawili, ujuzi unaonekana zaidi. Karata ya mwenzako ikiwa ndiyo inayokula, wewe umtilie seti yako imnenepeshe, si kumtupia garasa. Wapo wanaogombana na wenza wao mpaka salamu zinakatika, ilhali hawakuwatilia hata mzungu mmoja. (Zile karata zenu za barzani ambazo ree ya kopa imekunjika pembe na kila mtu anaijua kwa mgongo, hizo sizisemei. Huko hakuna bahati wala ujuzi. Nunueni mpya.)

Sasa nije kwenye kosa lenyewe, nalo si la yule aliyebeba kikombe. Ni la mlivyopanga mashindano. Tuseme wewe ni hodari kweli, kila mchezo una nafasi 60 kwa 100 za kumfunga yeyote aliye mbele yako. Kwa watu kumi na sita unahitaji kushinda mara nne mfululizo. Fanya hesabu: utabeba kikombe kiasi cha mara 13 tu katika mashindano 100. Mara 87 atakibeba mwingine, na wewe ndiye bora kuliko wote! Mkiacha mtindo wa mchezo mmoja, mkacheza mpaka mmoja afikishe ushindi mara tatu, zile 60 zako zinapanda mpaka 68. Mkienda mpaka kumi na moja, zinapita 80. Karata mbovu zinamzungukia kila mtu, na kadiri mchezo unavyorefuka ndivyo hesabu ya mjuzi inavyojitokeza.

Wenzetu wa mbali wameliona hili zamani. Magic: The Gathering, mchezo wa karata uliotoka Marekani mwaka 1993, mashindano yake kwa kawaida mnapambana mpaka mmoja ashinde mara mbili kati ya tatu. Wachezaji wa bridge wamekwenda mbali zaidi: karata zilezile zinachezwa kwenye meza tofauti, kisha wanalinganishwa walioshika mkono uleule. Hapo huna pa kusingizia karata mbaya.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiache mchezo na usimchukie yule jamaa. Amecheza kwa sheria mlizoweka nyinyi wenyewe, mpe mkono wake. Unapojiuliza kama umepoteza miaka yako, tazama wiki nzima za pale barzani, sio usiku mmoja. Yule mzee ambaye mnasema ana bahati kila siku, kaa nyuma yake kimya, umtazame anavyoshikilia ree ya turufu mpaka mwisho. Bahati ya kila siku mimi siijui.

Mwakani pendekezeni ligi, kila mtu akutane na kila mtu, au angalau ushindi wa mara tatu. Ndiyo, mtachelewa kulala, lakini kikombe kitakuwa na heshima. Na ile sentensi yako ya mwisho, kwamba safari ijayo kila mmoja atoe elfu tano achukue mshindi, hiyo ni kamari, na unajua wazee wa Wete watasemaje. Kikombe kinatosha.

Niandikieni.

Dada yenu.