Mmelipia Nyumba, Hamkulipia Jua

Mdogo wangu wa Hamburg, barua yako nimeipata, na kabla sijakujibu nataka uvute pumzi kwanza. Mko wanane, mmechanga tangu Machi, mmekodi nyumba Levanto kwa wiki ya mwisho ya Oktoba ili mtembee kwa miguu katika vijiji vya Cinque Terre kule Italia. Sasa utabiri wa hali ya hewa unaonyesha mvua kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, na kwenye grupu la WhatsApp hapakaliki. Wawili wanataka kuvunja safari. Mmoja anajigamba kwamba mvua haijawahi kumuua mtu. Nawe uliyepanga kila kitu huli, hulali, unajiona umewaponza wenzako. Hujawaponza, mpenzi. Watu wengi wakisikia pwani ya Mediterania wanaona jua tu, maana picha zote wanazotumiwa zimepigwa Julai.

Ila huyo anayejigamba naomba umwambie anyamaze kidogo. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya mvua kubwa katika pwani ile ya Liguria. Bahari inakuwa bado na joto la kiangazi, hewa yenye unyevu inapanda kutoka majini, inakutana na milima iliyosimama wima pale pale ufukoni, kisha vyote vinamwagika mahali padogo kwa muda mfupi. Aisifuye mvua imemnyea, na wenyeji wa Vernazza na Monterosso iliwanyea kweli tarehe 25 Oktoba 2011. Vernazza ina kijito kilichofunikwa, juu yake ndiyo mtaa mkuu wenye maduka na mikahawa. Siku ile maji yalikataa kukaa chini. Yalishuka na mawe, magari na tope, yakazika milango ya maduka, na watu watatu wa kijiji kile wakapoteza maisha. Ni wiki ile ile mnayokwenda ninyi.

Sisemi ili uanze kulia. Nasema ili tahadhari uichukue kama inavyotolewa. Kule mamlaka hutangaza hali ya hewa kwa rangi: njano, chungwa, nyekundu. Ikifika chungwa au nyekundu, njia za miguu za hifadhi ya Cinque Terre hufungwa, na zikifungwa zimefungwa, mdogo wangu. Utakuta kizuizi kimewekwa njiani, au mnyororo, au karatasi tu iliyoloa. Pembeni pana upenyo, na ndani ya kundi lenu yupo mtu atakayesema, "Twendeni, mbona hapa panapitika?" Mpe jina, unamjua! Kila kundi linaye. Mwambie kuhusu Via dell'Amore, ile njia nzuri kuliko zote ya kutoka Riomaggiore kwenda Manarola, isiyofika hata kilomita moja. Mwaka 2012 mawe yaliporomoka pale yakaumiza watalii wanne, na njia nzima haikufunguliwa tena hadi 2024. Waliotumia miaka yote hiyo kuishikiza miamba ile hawakuwa wakifanya mchezo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu si mvua inayovunja makundi ya marafiki. Ni haya. Mtu anaona haya kuwa wa kwanza kusema amechoka. Soksi zimeloa tangu saa nne asubuhi, goti linalia, mbele yake ni ngazi za mawe zinazoteleza na upande mmoja hakuna kitu ila hewa na bahari. Ukimuuliza, "Uko sawa?" anajibu, "Niko poa." Hayuko poa. Anaogopa kuitwa mzigo. Anaogopa ataonekana mnene, au mwoga, au yule anayeharibu starehe za wenzake kila mwaka. Nyuma yake yupo mwingine anaogopa hivyo hivyo, na nyuma ya huyo yupo mwingine, mpaka mnajikuta wote wanane mnasonga mbele kwenda mahali ambapo hakuna hata mmoja wenu anayetaka kwenda.

Hilo ni lako kulifungua, kwa sababu wewe ndiye uliyewakusanya. Usilisubiri njiani. Liseme usiku wa kwanza, mezani, watu wameshiba na miguu yao mikavu: atakayesema "mimi narudi" haulizwi sababu, hataniwi, wala harudi peke yake. Kisha siku ya kwanza rudi wewe mwenyewe, hata kama bado una nguvu kidogo. Wenye haya wakiona mpangaji mkuu amegeuza, watapata ulimi. Na jioni mtu asije akageuza jambo hilo kuwa kichekesho. Utani wa jioni ndio unaomfanya mtu anyamaze kesho yake, na kesho yake ndiyo anavunjika kifundo cha mguu.

"Lakini dada, tumelipa!" Najua mmelipa. Maji yakimwagika hayazoleki. Fedha ya nyumba imekwenda mkitembea, imekwenda mkikaa ndani mkicheza karata. Nimeona watu wakijiburuza kwenye tope kwa sababu ya nauli waliyokwisha kuitoa, nyuso zimewakunjamana kama wanaokwenda kudai deni, na mwisho hawafurahii wala hawarudishiwi. Jiulizeni kila asubuhi swali moja tu: kama leo tungekuwa tumepewa bure, tungetoka?

Siku nyingine jibu litakuwa ndiyo, na mtoke. Manyunyu si mafuriko, na mvua ikikatika pwani ile inapendeza mno, halafu ule umati wa kiangazi haupo. Kutoka Monterosso hadi Vernazza ni kama kilomita tatu na nusu hivi, lakini usidanganywe na namba. Huchukua karibu saa mbili, maana ni ngazi kupanda, ngazi kushuka, na mahali pengine wakikutana wawili mmoja lazima ajibanze. Kushoto na kulia utaona kuta za mawe zilizopangwa kwa mkono bila saruji, zikishikilia vipande vya mashamba ya mizabibu mlimani. Ukiona vyaelea, vimeundwa: kazi ile ni ya karne nyingi, na mahali ambapo vijana wamehama mashamba yakaachwa, hakuna anayezibua maji wala kurudisha jiwe lililochomoka. Kwa hiyo ukiona ukuta umefura tumbo na maji yanachuruzika katikati ya mawe, usisimame chini yake kupiga picha. Pita. Picha utapiga mbele.

Aliye mzito wa mwendo mtangulizeni mbele, wala msimwache mkiani. Akiwa mkiani kila mkisimama kumsubiri ninyi mnapumzika, na akifika tu mnaondoka, yeye hapumziki hata mara moja. Mwenye uzoefu ndiye abaki nyuma kabisa. Na mpange saa ya kugeuza, mfike msifike. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Ulaya hurudishwa nyuma, na kule jua huzama saa kumi na moja jioni na dakika chache. Ngazi zilizoloa hazifai gizani. (Mkipatana muda kwenye grupu, andikeni kama ni saa ya Kiswahili au ya huko, yule mgeni wenu anayetoka Mombasa asije akawasubiri kituoni peke yake.)

Huyo huyo wa Mombasa mwambie kandambili aziache kwao. Katika njia zile viatu vya wazi vimepigwa marufuku, faini huanzia euro 50 na inaweza kufika 2,500. Hata isingekuwepo hofu ya faini, jiwe lililoloa halina huruma na soli laini. Suruali ya jinzi nayo hapana, ikilowa inakuwa nzito na haikauki mpaka mrudi Ujerumani. Mwavuli kwenye njia nyembamba yenye upepo utamtoboa mwenzio jicho. Chukueni makoti ya mvua. Nguo kavu ziingie kwanza kwenye mfuko wa plastiki, ndipo ziingie begini, na soksi za akiba kila mtu abebe zake. Namba ya dharura kote katika Umoja wa Ulaya ni 112, ikae kwenye simu za wote wanane, siyo kwa mmoja ambaye chaji itamwishia.

Na siku rangi ikiwa mbaya, mkae. Kukaa si adhabu. Nendeni mahali panapooka farinata. Ni unga wa dengu, ule ule wa bajia, umekorogwa na maji, mafuta ya zeituni na chumvi, ukamiminwa mwembamba kwenye sinia kubwa la shaba na kuokwa kwenye tanuri kali. Iliwe ya moto. Au kukiwa shwari kiasi, pandeni treni. Kutoka kijiji hadi kijiji ni dakika chache, nyingi ndani ya mahandaki. Corniglia peke yake ndiyo iko juu ya mwamba, na kutoka kituoni kuna ngazi 382. Kuna pia basi dogo. Panda basi, mdogo wangu, na atakayekucheka mwache apande ngazi zake.

Limebaki la fedha, ambalo hukuliuliza lakini nimelisoma katikati ya mistari. Hao wawili wanaotaka kujitoa wasirudishiwe fungu la nyumba, kwa sababu mwenye nyumba hatawarudishia ninyi, na waambiwe hivyo kwa upole sasa hivi, si baada ya safari. Wakija lakini wasitembee, wasichangishwe fedha ya njia. Ile kadi ya kupitia njia za hifadhi kila mtu ajinunulie asubuhi ya siku anayotoka, baada ya kutazama rangi ya tahadhari. Msinunue za wiki nzima kwa mpigo mmoja, maana zikishakuwa mfukoni mtaanza tena wimbo wa "tumelipa". Mweka hazina wenu akinuna, mwambie dada ndiye aliyesema.