Pampu Ndogo za Kuendeshea Setilaiti

Setilaiti huendeshwa angani kwa kufuata kanuni ya tatu ya Newton: hurusha gesi upande mmoja, nayo husukumwa upande wa pili. Katika baadhi ya setilaiti, gesi hiyo hutokana na mafuta ya kiowevu. Ili mafuta yaingie katika injini, lazima kanieneo inayoyasukuma iwe kubwa kuliko ile iliyomo ndani ya injini.

Njia ya kwanza ni kujaza tangi gesi yenye kanieneo kubwa. Kasoro yake ni uzito: kanieneo ikizidishwa mara mbili, unene wa ukuta wa tangi hilo hauna budi kuzidishwa mara mbili pia. Njia ya pili ni pampu. Hapo tangi huwa jembamba la ukuta, na kanieneo huongezwa katika bomba liendalo kwenye injini tu.

Katika pampu ya meno, magurudumu mawili yaliyoumana huzungushwa na mota ya umeme, na kiowevu huchukuliwa katika nafasi zilizo kati ya meno na ukuta. Iwapo kila mzunguko hupitisha mililita 0.01, mizunguko 3,000 kwa dakika itapitisha mililita 30. Kwa hiyo kutawala mwendo wa mota ni kutawala mtiririko. Kihisio hupima kanieneo, kompyuta huilinganisha na inayotakiwa, kisha huongeza au kupunguza mwendo wa mota.

Hata hivyo, pampu haishindi kila kizuizi. Desemba 2022 Marekani ilirusha Lunar Flashlight, setilaiti yenye ukubwa wa mkoba, ikatafute barafu katika ncha ya kusini ya Mwezi. Ilikuwa na pampu na injini ndogo nne. Injini zilidhoofika, na wataalamu walishuku kwamba chembe za uchafu zimeziba vijia vya mafuta. Waliongeza kanieneo ya pampu kupita kiwango chake cha kazi, huku wakifungua na kufunga vali, lakini nguvu iliyohitajika haikupatikana. Mei 2023 NASA ilikatisha kazi hiyo.

Sababu yaeleweka kwa hesabu. Katika kijia chembamba, kiowevu kikipita kwa utulivu, mtiririko hulingana na kipeo cha nne cha kipenyo. Kipenyo kikipungua hadi nusu, mtiririko hubaki sehemu moja ya 16. Kuurudisha kwahitaji tofauti ya kanieneo mara 16. Ndiyo maana usafi wa vijia ni sehemu ya usanifu wenyewe.

Zoezi: Kipenyo kikipungua hadi theluthi moja, na kanieneo isibadilike, mtiririko utabaki sehemu gani?